Pakiti tupu mbele ya duka langu ni za nani?

Swali: “Ninaishi Tanga. Nina duka la rejareja, na pembeni ninakaanga karanga na kuzifunga katika vifuko vidogo vya nailoni. Wiki kadhaa zilizopita kiongozi mmoja alipita akaniambia kwamba taka zote zilizo mbele ya duka ni wajibu wangu, ingawa nyingi ni pakiti za sabuni, juisi na biskuti ambazo sikuzitengeneza mimi. Mwanangu naye amerudi kutoka shule akisema kila anayetumia plastiki anaua bahari, na tangu siku hiyo ananitazama vibaya ninapofunga karanga. Mume wangu huzichoma pakiti hizo jioni nyuma ya nyumba. Nimesikia kwamba kila chenye alama ya pembetatu hurejelezwa. Kama ni kweli, mbona waokota chupa hawazigusi pakiti? Je, nani hasa anawajibika: anayetupa, anayeuza, kiwanda au serikali? Na mimi nirudi kufunga karanga kwa gazeti, ninunue mifuko inayosemwa kuwa inaoza yenyewe, au niendelee kama nilivyo?”

Jibu:

Dada yangu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na ninaona kwamba kinachokuumiza si uchafu peke yake. Unafagia kila asubuhi, na bado unaambiwa kuwa wewe ndiye chanzo cha kile unachokifagia. Niseme mapema ninavyolitazama jambo hili baada ya miaka mingi katika kazi ya usimamizi wa taka ngumu: wajibu hufuata uwezo wa kuamua. Aliyeamua kwamba sabuni ya kufulia mara moja ifungwe katika pakiti ambayo hakuna mtu atakayeinunua ikiwa tupu ndiye mwenye sehemu kubwa ya mzigo huu. Halmashauri ina sehemu yake, na wewe pia unayo yako, ila haipo pale ulipoonyeshwa na kiongozi yule. Ipo kwenye meza yako ya karanga, na nitaifikia.

Nianze na alama ya pembetatu, kwa sababu kosa lililomo katika kuielewa ndilo linalozaa makosa mengine. Alama hiyo yenye namba kuanzia 1 hadi 7 ilianzishwa na wenye viwanda vya plastiki nchini Marekani mwaka 1988, na kazi yake ni kutaja aina ya plastiki iliyotumika. Namba 1 utaiona chini ya chupa za maji na soda, namba 2 kwenye madumu ya mafuta na chupa za sabuni ya maji, namba 4 kwenye nailoni laini, namba 5 kwenye ndoo na vikombe vya mtindi, na namba 7 ni chungu cha kila kilichobaki, yakiwemo mengi yaliyochanganywa. Hakuna mahali popote ambapo alama hiyo inaahidi kwamba chombo kitarejelezwa. Kwa hesabu za Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, asilimia 9 tu ya taka za plastiki duniani zilirejelezwa mwaka 2019, na kiasi cha asilimia 40 ya taka zote za plastiki ni vifungashio, yaani vitu vilivyotengenezwa kwa nia ya kutupwa mara bidhaa inapofunguliwa.

Sasa chukua pakiti moja ya sabuni ya unga, iondoe mikunjo na uichane taratibu ukiielekeza kwenye mwanga. Ukibahatika utaona pembeni mwa mpasuko kwamba si ngozi moja bali ni ngozi mbili au tatu zilizogandishwa pamoja kwa gundi. Ya nje kwa kawaida ni polyesta, ngumu na inayopokea rangi za maandishi vizuri. Ya ndani ni polithini, ile tunayoiita nailoni, laini, inayoyeyuka upesi ili mashine iweze kuufunga mdomo wa pakiti kwa joto. Kati yake, hasa kwenye kahawa, maziwa ya unga na baadhi ya juisi, huwekwa utando mwembamba wa alumini unaozuia hewa, mwanga na unyevu. Kila ngozi ina sababu yake, na mtaalamu aliyeibuni pakiti hiyo aliifanya kazi yake kwa ustadi. Tatizo huanza pakiti inapokwisha kazi. Polithini huyeyuka kwenye nyuzi joto 110 hadi 130 hivi, ilhali polyesta huhitaji takribani nyuzi 250, na hata zikiyeyushwa pamoja, plastiki hizi mbili hazichanganyiki vizuri. Kuzitenganisha ngozi hizo kwa kemikali kunawezekana maabara na katika mitambo michache ya gharama kubwa, lakini hakuna biashara ya kawaida ya chakavu inayoweza kuifanya kazi hiyo kila siku.

Ongeza hapo suala la mzani. Mwokota chupa hulipwa kwa kilo, na nimesimama mara nyingi kwenye maghala ya wanunuzi wa chakavu nikiona jinsi anavyochagua: chupa ya maji isiyo na rangi inaingia kwenye kiroba, chupa ya rangi inafikiriwa, dumu linapokelewa kwa furaha, na pakiti inaachwa ardhini. Pakiti moja haifiki hata uzito wa kijiko cha sukari, kwa hiyo angelazimika kuinama mamia ya mara ili apate kilo ambayo mnunuzi wake ataikataa. Waokotaji hawazidharau pakiti kwa uvivu. Wanaijua bei ya kila plastiki kuliko wengi wetu tunaoandika taarifa juu yake. Hivyo uchafu unaouona mbele ya duka lako umechujwa tayari: kila chenye thamani kimekwisha kuondolewa, na kilichobaki ni kile ambacho kiwandani kilibuniwa bila kufikiriwa kitakwenda wapi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na somo alilorudi nalo mwanao, ingawa mwalimu hakukosea kumfundisha mtoto kutotupa ovyo. Fikra kwamba taka ni matokeo ya tabia mbaya ya mtu mmoja mmoja ina historia yake. Mwaka 1953, huko Marekani, kampuni zilizohusika na vinywaji, chupa na makopo zilikuwa miongoni mwa waasisi wa shirika liitwalo Keep America Beautiful, ambalo kwa miaka mingi liliendesha matangazo ya kumkemea mtupa taka, wakati huohuo chupa za kurudishwa zikiachwa na nafasi yake kuchukuliwa na vyombo vya kutupwa. Ujumbe wa matangazo hayo ulikuwa sahihi kwa nusu yake. Nusu iliyofichwa ni kwamba mtu hawezi kurudisha chombo kisicho na mahali pa kurudishwa.

Wewe mwenyewe unao ushahidi dukani. Fikiria soda ya chupa ya kioo. Mteja akitaka kuondoka nayo unamdai pesa ya chupa, nawe ukienda kuchukua kreti jipya unarudisha kreti la chupa tupu, la sivyo unalipia. Chupa ile haijawahi kuwa mali yako wala ya mteja. Ni ya kampuni, na kampuni huifuata hadi kijijini kwa sababu kuipoteza ni hasara yake. Ndiyo maana huikuti kwenye mfereji. Soda hiyohiyo ikitiwa kwenye chupa ya plastiki, mambo yanageuka mara moja: chupa inakuwa ya mteja kwa dakika kumi, kisha inakuwa ya halmashauri, kisha ya bahari. Mnywaji ni yuleyule na adabu yake ni ileile. Kilichobadilika ni nani anapata hasara chupa isiporudi.

Nchi nyingine ziliuchukua utaratibu huo na kuufanya sheria. Ujerumani ilitoa kanuni mwaka 1991 zilizowataka wanaoweka bidhaa sokoni kugharamia ukusanyaji na urejelezaji wa vifungashio vyake, na tangu mwaka 2003 mnunuzi wa vinywaji vingi huko huweka amana, siku hizi senti 25 za yuro kwa chupa nyingi za kutupwa, anayorudishiwa akiileta chupa tupu. Zaidi ya chupa 9 kati ya 10 hurudi. Kenya nayo ilipitisha sheria ya usimamizi endelevu wa taka mwaka 2022, ambayo inamtaka mzalishaji kuwajibika kwa bidhaa yake hata baada ya kuuzwa. Wataalamu huuita mpango huu wajibu uliopanuliwa wa mzalishaji, jina refu kwa jambo ambalo muuza soda wa Tanga alilijua kabla halijaandikwa.

Kwetu Tanzania msingi upo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kanuni ya mchafuzi kulipa, na wakati huohuo inazipa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Halafu tumeshuhudia kwa macho yetu kwamba uamuzi unaofanyika kwenye lango la kiwanda huwa na nguvu kuliko kampeni za usafi. Pombe kali ya viroba, yaani ya vifuko vidogo vya plastiki, ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na vifuko vile vilivyokuwa vimejaa kwenye vituo vya mabasi vikapungua bila mtu yeyote kuwahubiria wanywaji. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyoizoea kwa jina la Rambo, ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Zanzibar walikuwa wametangulia tangu mwaka 2006. Angalia hata adhabu za kanuni hizo za 2019: mtumiaji wa mfuko aliwekewa faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, ilhali mtengenezaji au mwingizaji aliwekewa kuanzia shilingi milioni 20 hadi bilioni 1. Aliyeandika kanuni alijua uzito uko upande gani.

Hata hivyo marufuku hayo yaligusa mifuko ya kubebea, na vifungashio vya bidhaa vikaachwa nje, jambo ambalo watu wengi hulisahau wanapodhani kwamba suala la plastiki lilimalizika 2019. Baadhi ya wafanyabiashara waliitumia nafasi hiyo na kuanza kutumia vifungashio vyepesi vya kuonyesha ndani kama mifuko ya kubebea nyanya na dagaa, mpaka mamlaka zikalazimika kutoa makatazo mengine. Ubishani huohuo umefika ngazi ya dunia: mwezi Machi 2022 mataifa yalikubaliana Nairobi kuanza kuandaa mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki, lakini mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yalimalizika bila mwafaka, na mgogoro mkubwa ulikuwa uleule wa mbele ya duka lako, kama tupunguze kinachotengenezwa au tushughulike tu na kinachotupwa.

Nisikufiche ugumu wa njia ninayoiunga mkono. Kiwanda kikitozwa ada kwa kila pakiti, sehemu ya ada hiyo itaingia kwenye bei, na mteja wako anayenunua sabuni ya siku moja kwa sababu hana fedha ya kununua ya mwezi mzima ataihisi kabla ya mwingine yeyote. Sikubaliani na wanaosema watu maskini waache pakiti ndogo. Pakiti ndogo ni jibu la kipato kinachopatikana siku kwa siku. Kinachohitajika ni ada kuwa kubwa kwa pakiti isiyorejelezeka na ndogo kwa ile ya ngozi moja, ili kampuni ione faida katika kubadilisha, na pia kurudisha desturi ya kupima, ambayo bado unaiona kwenye mafuta ya kula, mteja akija na chupa yake. Sabuni ya unga haina sababu ya msingi ya kutopimwa vivyo hivyo. Ugumu wa pili ni waokotaji: mipango ya kisasa ikikabidhiwa kampuni chache zenye magari, watu walioibeba kazi hii kwa mikono wanaweza kufungiwa nje ya lango la dampo. Mpango wowote usiowataja kwa malipo yao siuamini.

Sasa nije kwako. Kuhusu kauli ya kiongozi yule, sheria ndogo za halmashauri nyingi humtaka mwenye eneo kuliweka safi, kwa hiyo usibishane naye juu ya kufagia. Lakini kufagia mbele ya mlango ni jambo moja, na kuwa sababu ya pakiti kuwepo ni jambo jingine. Weka chombo chenye mfuniko kwa wateja wanaofungua na kula papo hapo, tenga chupa na madumu yakiwa makavu ili mwokotaji avipate safi, na baada ya hapo una haki ya kuuliza ada ya taka inafanya nini.

Kwenye sabuni na biskuti wewe ni muuzaji tu, lakini kwenye karanga wewe ndiwe kiwanda: unachagua kifungashio, na uamuzi wako ndio unaofika kwenye mfereji. Ninakuomba usirudi kwenye gazeti. Wino wa magazeti haukutengenezwa kwa ajili ya chakula, na karanga zilizokaangwa zina mafuta yanayouvuta wino huo kutoka kwenye karatasi. Mifuko inayosemwa kuwa inaoza yenyewe nayo ichunguze kwa makini, kwa sababu mingi ni plastiki ya kawaida iliyotiwa kemikali inayoifanya ikatike vipande vidogovidogo kwenye jua. Haitoweki, bali inageuka kuwa punje ambazo huwezi tena kuziokota. Umoja wa Ulaya ulikataza bidhaa za aina hiyo katika sheria yake ya mwaka 2019. Nyingine huoza kweli, lakini katika mitambo yenye joto la juu, si kwenye mchanga wa ufukweni.

Pia usiione nailoni yako kama dhambi tupu. Karanga zikipata unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na tusisahau kwamba mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kifungashio kizuri kinazuia unyevu wa hewa ya pwani, mradi karanga zenyewe zilikuwa kavu na zimechambuliwa kabla ya kukaangwa. Ukizifunga zikiwa na joto, mvuke unabaki ndani na unaziharibu. Kwa hiyo ninachokushauri ni kugawa biashara yako mara mbili. Karanga zinazoliwa palepale ziweke kwenye chombo cha kioo chenye mfuniko na uzipime kwa kijiko katika karatasi safi isiyochapwa, au katika kopo la mteja. Zinazosafiri au kukaa siku nyingi zifunge katika nailoni ya ngozi moja, isiyo na rangi, inayofaa kwa chakula, na kwa ujazo mkubwa kidogo, kwa sababu kifuko kimoja cha robo kilo hutumia plastiki ndogo kuliko vifuko ishirini vya kujaza kiganja. Huenda mauzo ya vifuko vidogo yakapungua mwanzoni. Jaribu kwa mwezi mmoja upande wa meza kabla hujabadilisha kila kitu.

Jambo ambalo sina ulaini nalo ni kuchoma. Moto wa uani hauna joto la kutosha wala hewa ya kutosha kuimaliza plastiki, kwa hiyo hutoa masizi na gesi zenye sumu, na palipo na plastiki ya PVC, namba 3, hutoa pia dioksini, kemikali zinazohusishwa na saratani, ambazo hudumu muda mrefu mwilini. Jivu lake likitupwa bustanini au karibu na kisima, sumu haijaondoka nyumbani. Vivyo hivyo kwa desturi ya kuwashia mkaa kwa nailoni, ambayo huupeleka moshi moja kwa moja kwenye uso wa anayepika. Mweleze mume wako kwamba pakiti zikikaa kavu ndani ya kiroba kwa wiki mbili zikisubiri gari la taka hazimdhuru mtu, lakini zikichomwa jioni moja zinawadhuru wote walio ndani ya ua. Gari lisipofika kabisa, kuzifukia mbali na maji si jambo zuri, lakini ni nafuu kuliko kuzichoma.

Ikiwa mtoto yeyote nyumbani anakohoa mara kwa mara, anabanwa kifua au anapumua kwa sauti baada ya moshi huo, usisubiri ushauri wa kuandikwa. Mpeleke kituo cha afya na useme wazi kwamba plastiki huchomwa nyumbani. Kama mfereji wa mtaa umeziba au gari la taka limeacha kuja, andikeni pamoja na majirani barua kwa ofisi ya serikali ya mtaa, nakala kwa afisa afya wa kata na kwa idara ya mazingira ya halmashauri, mkitaja siku ambazo gari halikufika na kiasi cha ada mlicholipa, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Kwa upande wa karanga, nenda ofisi ya mkoa ya SIDO (shirika linalohudumia viwanda vidogo), kisha kwa TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula. Chukua na kifuko unachotumia sasa, nusu kilo ya karanga zako, na jina la anayekuuzia nailoni, kwa sababu swali la kwanza watakalokuuliza ni kama nailoni hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya chakula, na huwezi kulijibu kwa kuitazama tu.